Ziwa la Watu Wote, Deni la Nani?

Hoja inayojadiliwa: Je, miji inayolizunguka Ziwa Viktoria itafute maarifa na fedha za kujengea mitaro, mabomba na mitambo yake kwa njia ya ushirika wa nchi zote za bonde, au kila manispaa ijitegemee kwa mfuko wake na kwa akili ya watu wake?

MHANDISI: Naomba nianze na jambo lisilo na ubishi, maana mjadala unaofunguliwa kwa ubishi aghalabu hufungwa kwa matusi. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda ina zaidi kidogo ya asilimia 40, na Kenya ina asilimia 6 tu. Walakini maji hayajapata kuiona ramani hiyo. Rwanda na Burundi, ambazo hazina hata shubiri moja ya ufuko, huleta udongo wa milima yao na mbolea ya mashamba yao kwa Mto Kagera, ulio mkubwa kuliko mito yote iingiayo ziwani, na mlango wa kutokea maji hayo yote ni mmoja, nao uko Jinja. Basi mtu anaponiambia kwamba Mwanza isafishe uchafu wake peke yake, na Kisumu vivyo hivyo, na Kampala vivyo hivyo, kila mmoja kwa fedha zake na kwa ufundi aliojaliwa, mimi humwuliza hivi: watu watano wakijifunika shuka moja, ni nani kati yao atakayeapa kwamba ameufua upande wake na upande huo umetakata?

DIWANI: Shuka naikubali, Bwana Mhandisi. Nisilolikubali ni kwamba anayeifua, na anayeuza sabuni, na anayepanga siku ya kufua, wote wawe ni watu ambao wenye shuka hawakuwateua. Itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la ziwa hili ilitiwa saini Arusha tarehe 29 Novemba 2003, na Kamisheni ya bonde ikawekwa Kisumu. Mambo ya heri, sina neno nayo. Lakini mwananchi wa kata yangu, chemba ya majitaka ikimfurikia mlangoni, hapandi basi kwenda Kisumu. Huja kwangu, alfajiri, kabla sijanawa uso, kwa kuwa mimi ndiye niliyeiomba kura yake. Nimepata kukaa katika baraza ambalo mradi uliletwa kwetu umekwisha kujalidiwa, una picha za rangi na hesabu zilizokokotolewa hadi senti ya mwisho, na tulichotakiwa sisi ni kupiga makofi. Tuliitwa kupokea, hatukuitwa kushauri. Na ubunifu ambao atakayeutumia hakushauriwa, hata ukiwa na thamani ya almasi, hukaa katika mji kama mgeni asiyeonyeshwa choo kiliko.

MHANDISI: Mheshimiwa amesema kweli kuhusu makofi, nami nimo miongoni mwa walioyabeba majalada ya namna hiyo; nakiri. Lakini taksiri ya mletaji haibatilishi kilicholetwa. Yatazame magugu maji. Yalionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika muda wa miaka michache yakaziba ghuba, yakaizingira mialo, yakaingia hata katika midomo ya mabomba yanayovuta maji ya kunywa. Kila nchi ilijaribu kwa panga na kwa mikono, na kila nchi ilishindwa, kwa sababu mmea unaoelea hauwezi kung'olewa upande mmoja ukaisha. Upepo ukigeuka hurudishwa kutoka kwa jirani. Dawa iliyofaa ilikuwa mbawakawa, wadudu wadogo wa asili ya Amerika ya Kusini, ambao chakula chao ni magugu hayo. Uganda ilianza kuwaachia majini mwaka 1995, na Kenya na Tanzania zikafuata mwaka 1997, mwaka ule ule ulipoanza mradi wa nchi tatu wa kuhifadhi mazingira ya ziwa. Mawimbi na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisaidia pia, nisije nikawapa wadudu sifa isiyokuwa yao. Lakini lau kama nchi moja ingaliwafuga na nyingine ikawapulizia sumu, leo tungalikuwa tukitembea juu ya ziwa kwa miguu.

DIWANI: Mbawakawa hahitaji vipuri. Hula, huzaa, hufa, na mwanawe huishika kazi bila zabuni wala mkandarasi. Nionyeshe pampu izaayo, Bwana Mhandisi, nami nitakwenda Arusha kwa miguu kuisifu hiyo itifaki! Mashine huletwa kwa meli, na siku ya kuzinduliwa kwake huimbiwa ngoma; mwaka wa tatu hupasuka kitu kidogo kama kidole cha mtoto, na kitu hicho hakipatikani Mwanza, wala Dar es Salaam, wala Nairobi, bali huko huko ilikotengenezwa; na kwa wakati huo walioileta wamekwisha kufunga mahesabu na kuandika taarifa kwamba mradi ulifaulu.

MKAZI WA MLIMANI: Mtaniwia radhi waheshimiwa, nimewasikiliza na sijasikia habari ya mlima. Mimi nakaa juu, kwenye mawe. Anayeijua Mwanza anavijua vilima vyetu, Mabatini, Kilimahewa, Igogo, nyumba juu ya nyumba kama vifaranga juu ya mama yao, na chini ya kila nyumba jiwe. Shimo la choo halichimbiki pale. Fundi huchimba futi tatu, nyundo inalia, anakwambia, mama, hapa ndipo Mungu alipokomea. Basi shimo ni fupi, linajaa upesi, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda kwa kuwa hakuna njia, kuna vijia vya kupita mbuzi. Kwa hiyo watu walikuwa wakingoja mvua. Nasema walikuwa, ingawa wapo hata leo. Mvua kubwa ikianza usiku utasikia jirani anaondoa jiwe kwenye shimo lake, na kilichomo kinateremka. Kinapita kwa wa chini yake, na wa chini ya huyo, hadi mtoni Mirongo, hadi ziwani. Mimi nilikuwa wa katikati, cha juu kinapita kwangu na changu kinapita kwa wengine, na asubuhi tunaamkiana kwa adabu zote.

Halafu wakaja na mabomba membamba. Si yale mabomba makubwa ya barabarani yanayotaka mtaro wa kumzika ng'ombe. Membamba, yanapita nyuma ya nyumba na katikati ya nyumba, juu juu tu ya ardhi kwa kuwa hakuna gari la kuyakanyaga, yanazunguka jiwe badala ya kulipasua, na kila baada ya nyumba kadhaa kuna chemba ndogo. Mteremko wenyewe ndio pampu. Tulikaa vikao vingi kukubaliana bomba lipite kwa nani, kwa sababu lazima lipite katika uwanja wa mtu ili limfikie mwingine. Kuna mzee alikataa wiki tano! Alipokubali alitaka lipite mbali na mwembe wake, na likapitishwa mbali na mwembe.

DIWANI: Ahsante, mama. Umeileta hujja ambayo mimi nilikuwa nikiitafutia maneno. Mzee wa mwembe ndiye aliyekuwa mlango wa mradi mzima, naye hakufunguliwa kwa itifaki, alifunguliwa na majirani waliokaa naye wiki tano. Huo ndio ubunifu ninaousema: umetoka katika mawe yetu na vikao vyetu.

MHANDISI: Mawe ni yenu, Mheshimiwa, na vikao ni vyenu, lakini bomba jembamba la kupita katika viwanja vya watu, linalohudumiwa na jamaa wa mtaa, si letu kwa asili. Lilianza kujaribiwa Brazili, kaskazini mashariki mwa nchi ile, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mitaa ya mafukara ambayo mabomba ya kawaida yalishindwa kuifikia kwa gharama na kwa nafasi. Na fedha za kuleta maji na usafi wa mazingira katika jiji hili zilitoka katika mpango uliozikusanya Mwanza, Kampala na Kisumu chini ya jina moja la ziwa, mkopo ukitoka Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Ndani ya mpango huo ndimo mlimozaliwa mtambo wa Butimba, wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 48 za maji kwa siku. Nawakumbusha hayo kwa kuwa bomba la majitaka bila maji ya kulisukuma ni kaburi lililolazwa ubavu.

MKAZI WA MLIMANI: Sisi hatukuliuliza bomba kwao ni wapi. Mgeni akifagia uwanja, humwulizi kabila. Lakini Bwana Mhandisi, umesema jamaa wa mtaa ndio wanaolihudumia. Hapo nina swali, nitalileta baadaye, maana naona Mheshimiwa anataka kusema.

DIWANI: Ndiyo, nataka, mintarafu ya hilo neno mkopo, ambalo limepita hapa kwa unyenyekevu mwingi mno. Mkopo huo umehesabiwa kwa fedha ya Ulaya. Mama huyu hulipa ankara ya maji kwa shilingi, anazipata kwa kuuza nyanya na dagaa, na shilingi, kwa muda ambao mimi nina kumbukumbu, imeteremka ngazi mbele ya fedha ya Ulaya kuliko ilivyopanda. Kwa hiyo kila shilingi ishukapo, deni huongezeka bila bomba kuongezeka hata mita moja. Si kwamba hatuna njia nyingine. Tanga, mji wa mwambao, si mkubwa kuliko wetu, mamlaka yake ya maji ilitoa hatifungani ya kijani mwaka 2024, ikatafuta shilingi bilioni 53.12 kwa muda wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wanunuzi wakajitokeza kwa wingi kupita kiasi kilichotakiwa. Kwa shilingi, mabwana! Atakayelipa hulipa kwa fedha ile ile anayoipokea. Huko ndiko kujitegemea, na huo nao ni ubunifu, tena wa kalamu, ambao hauhitaji vipuri.

MHANDISI: Nilijua Tanga itatajwa, na nilikuwa nikiingoja kama mchezaji wa bao angojavyo kete ya mwenziwe. Kwanza, Tanga haikwenda sokoni peke yake, ilishikwa mkono na mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya mitaji, ambao si wa wanatanga. Pili, riba ya asilimia 13.5 si sadaka. Italipwa na ankara za watu wale wale wauzao nyanya. Tatu, nalo ndilo kubwa, Tanga ilikuwa na mamlaka ya maji yenye vitabu safi na wateja walipao, ndipo wenye fedha wakaiamini. Sasa nichukulie Nansio, mji wa kisiwani Ukerewe. Nani atainunua hatifungani ya Nansio? Mpango wa maji na usafi wa bonde, katika awamu yake ya pili iliyogharimiwa kupitia Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulichagua miji midogo 15, mitatu kwa kila nchi: hapa kwetu Geita, Sengerema na hiyo Nansio, Burundi Ngozi, Muyinga na Kayanza, Kenya ikawamo Kericho...

MWANDISHI: Nakatiza mara moja tu, kwa ajili ya msomaji atakayeshangaa Kericho ya majani ya chai, iliyo mbali juu milimani, inatafuta nini katika mpango wa ziwa. Mito ya nyanda zile huteremka hadi Ghuba ya Winam ya ziwa hili, nayo hubeba kila ilichokikuta njiani. Tuendelee.

MHANDISI: Nashukuru. Miji hiyo, ikiachwa kila mmoja kwa mfuko wake, haitajenga hata mtaro. Kujitegemea ni sifa njema kwa mwenye cha kutegemea. Asiyekuwa nacho, kujitegemea ni jina la heshima la kuachwa.

DIWANI: Hilo neno zito.

MHANDISI: Nalirudia. Na ukitaka kujua gharama ya mji ulioachwa ujinywee uchafu wake, nenda Kampala. Kwa miaka mingi majitaka ya jiji lile yaliteremka kwa mfereji wa Nakivubo hadi kwenye kinamasi, na kinamasi, kwa mafunjo yake na subira yake, kikawa kinachuja bure kile ambacho jiji halikulipia kuchujwa. Kisha watu wakakilima magimbi, wakakijenga, na uchafu ukafika katika ghuba ya Murchison, ambamo ndimo mtambo wa Ggaba unamovuta maji ya kunywa ya jiji lilo hilo. Dawa zikaongezwa, gharama zikapanda, hatimaye wakalazimika kwenda kujenga mtambo mpya Katosi, mbali upande wa mashariki, wa lita milioni 160 kwa siku. Mji umekimbia kivuli chake! Ni kweli kwamba sasa wana mtambo mkubwa wa majitaka Bugolobi, uliojengwa hata gesi ya uchafu igeuzwe umeme, na mafundi wetu wamekwenda kuutazama. Swali langu ni kwa nini Mwanza na Musoma na Homa Bay zisijifunze kwa hasara iliyokwisha kulipwa na mwingine.

DIWANI: Kujifunza sikukataa. Nitakataaje? Nauli ya basi kutoka Mwanza hadi Kisumu haikuwafilisi baba zetu. Pale Kisumu, katika mtaa wa Nyalenda, kampuni ya maji iliamua kuwauzia vikundi vya wananchi maji ya jumla kwa dira moja kubwa, navyo vikasambaza majumbani kwa dira ndogo na kukusanya ankara, basi wizi wa maji ukapungua, kwa sababu mwizi sasa humwibia jirani yake ambaye anamjua kwa sura na kwa jina la mama yake. Napenda sana jambo lile. Mpeleke fundi wetu akalitazame wiki mbili, alale kwa fundi mwenzake, arudi nalo kichwani. Hakuna sekretarieti hapo, wala posho, wala mkutano katika hoteli yenye zulia jekundu ambamo maji ya kunywa, na hili nimelishuhudia kwa macho yangu, yametoka nje ya bonde katika chupa za plastiki.

MHANDISI: Lakini hiyo nauli ndiyo ushirika wenyewe, Mheshimiwa! Umeingia kwa mlango wa uani ukidhani hukuingia.

DIWANI: Ule ni ujirani. Jirani huomba chumvi na kurudisha chumvi. Ushirika wenu huomba chumvi ukarudishiwa mpishi, na ratiba ya kula, na mtu wa kuandika taarifa ya namna ulivyokula.

MHANDISI: Na jirani mmoja asipotaka? Ujirani hauna mahakama. Mheshimiwa kila siku huisifu Rwanda kwa kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, bila kungoja mtu. Kenya ikafuata 2017, sisi Tanzania Bara 2019. Ni kweli, hakuna itifaki iliyowalazimisha. Lakini hesabu miaka iliyopita kati ya wa kwanza na wa tatu, yaani miaka 11, na katika miaka hiyo yote mfuko uliokatazwa Kigali ulikuwa halali upande wa pili wa mpaka, ukivuka katika magunia na chini ya viti vya mabasi. Mfuko huo ndio unaoziba mitaro ya mijini mvua inaponyesha, kwa hiyo hata usiniambie kwamba si jambo la miundombinu. Miaka 11 ya mitaro iliyoziba ndiyo bei ya kungoja jirani ashawishike kwa hiari yake.

MVUVI: Wanangu, naomba nafasi. Nimevua katika ziwa hili tangu nilipokuwa sijui kuogelea sawasawa. Mimi sina elimu ya itifaki. Nilikuwa mtoto mvua zile za mwaka 1961 ziliponyesha, ziwa likapanda, likaendelea kupanda hadi 1964, wazee wakahama na vibanda vyao. Baadaye likarudi chini polepole. Mwaka 2006 likashuka hata mwalo wetu ukabaki unatazama matope. Mtumbwi unaburuzwa hatua mia kabla ya kuonja maji. Sisi tukasema ni Mungu. Kumbe wakubwa wanasema ni Mungu na Jinja.

MHANDISI: Ni vyote viwili, mzee wangu. Ukame ulikuwapo, na pale Jinja, ambapo bwawa la kwanza la umeme lilikamilika mwaka 1954, maji yaliachiwa kupita kipimo kilichokuwa kimekubaliwa.

MVUVI: Haya. Na Mei mwaka 2020 likapanda tena, likaipita ile alama ya 1964, likaimeza mialo na vyoo vya mialoni pamoja na vilivyomo. Sasa mnisikilize wote wawili. Mheshimiwa, hilo la Jinja hulitatui kwa nauli ya basi. Mlango wa ziwa uko mikononi mwa mtu mwingine, na mdomo wa bomba la maji ya kunywa la Mwanza unataka kujua ziwa litakuwa kimo gani kabla haujajengwa. Hapo mimi niko na Mhandisi. Lakini, Bwana Mhandisi, nikisimama asubuhi pale Mirongo unapoingia ziwani, harufu ile haikutoka Kampala wala Burundi. Imetoka juu, nyumbani kwetu, kwa huyu binti na majirani zake wa mvua ya usiku, na kwangu pia kabla sijajengewa choo. Sato alikuwa akizaa maji mafupi ya ghuba ile. Sasa humo hutoa nailoni. Kwa uvundo huo sihitaji nchi tano, nahitaji watu wa mtaa mmoja waone haya.

DIWANI: Mzee ametupiga wote kwa fimbo moja.

MKAZI WA MLIMANI: Fimbo nimeipokea, babu, na ndiyo inayonirudisha kwenye swali langu nililoliweka. Yale mabomba membamba yanaziba. Watu wanatia matambara, mchanga wa kusugulia sufuria, maganda ya mihogo, nywele, siku moja kulitolewa kandambili ya mtoto. Mafunzo tulipewa wakati wa mradi, kamati ikaundwa, kukawa na glavu na fito ndefu za kuzibulia. Glavu zimechanika. Mwenyekiti wa kamati amehamia Kahama. Bomba likiziba chini, aliye juu hajui, anaendelea kumwaga. Anayejua ni wa chini, ambaye si yeye aliyeziba. Nampigia fundi wa mtaa ambaye amejifunza kwa kutazama, anakuja na waya, tunamlipa tuliopo, walioziba hawapo. Sasa mimi nauliza, na sitaki kusikia habari ya Ulaya wala ya Arusha: Jumapili, saa nne usiku, chemba inafurika uwanjani kwangu, wajukuu wamelala sakafuni, ni nani anakuja?

DIWANI: Mimi nitakuja, mama, unajua nitakuja.

MKAZI WA MLIMANI: Utakuja, Mheshimiwa, utasimama na tochi. Utazibua kwa nini?

MHANDISI: Mamlaka ya maji ina kikosi cha dharura, na kwa mujibu wa mapatano bomba kubwa ni la mamlaka, na bomba dogo la kupita viwanjani liko chini ya uangalizi wa watumiaji hadi pale linapo...

MKAZI WA MLIMANI: Hadi wapi? Kinyesi hakisimami kwenye mapatano.

MHANDISI: Hadi chemba ya kuunganishia. Naona mama, nakubali kwamba mstari ule umechorwa na watu wakaao mahali tambarare. Huko Brazili kwenyewe walisumbuka na mstari huo huo, pale majirani walipochoka. Ndiyo maana nasisitiza kuwa mafundi wazibuaji wafunzwe kwa mtaala mmoja katika miji yote ya bonde, wawe na cheti kinachotambuliwa, fito na mashine ndogo za kuzibulia ziwe za kipimo kimoja ili kipuri cha Kisumu kifae Mwanza na cha Mwanza kifae Jinja. Hapo utakuwa umelijibu lile la Mheshimiwa kuhusu vipuri. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walikubaliana mwaka 2012 kutambuana katika kazi.

MKAZI WA MLIMANI: Wahandisi. Na huyu kijana wangu mwenye waya?

MHANDISI: Huyo bado hakutajwa.

DIWANI: Hakutajwa! Basi hebu ona, tumezunguka ziwa zima, tumepita Arusha na Kampala na Tanga, na mtu aliyeingiza mkono wake katika chemba ndiye pekee ambaye mkataba haumjui jina. Nitakwenda barazani mwezi ujao na hoja ya kumwekea fungu katika bajeti ya kata, yeye na wenzake, mshahara na chanjo na glavu. Wewe, Bwana Mhandisi, nenda kwa Kamisheni yako ukaombe huo mtaala. Tuone ni nani kati yetu atakayerudi kwanza.

MHANDISI: Na baraza lako likikosa fedha?

DIWANI: Na Kamisheni yako ikingoja mfadhili?

MVUVI: Mimi naomba ruhusa. Usiku huu hakuna mwezi, na dagaa hawavuliwi kwa mwezi. Vijana wamekwisha kuziwasha taa, wananingoja. Bwana Mhandisi, ukifika huko kwa wenye mlango wa Jinja, waambie wakitaka kuufungua au kuufunga zaidi watupashe habari mialoni siku chache kabla, tujue pa kufunga mitumbwi. Na wewe, binti, hilo la kandambili, ya mtoto wa nani?

MKAZI WA MLIMANI: Wa kwangu, babu.